Mafundi betri wafundishwe kuzimua tindikali



Nina dukuduku kuhusu tindikali inayochanganywa ovyo mjini Moshi, na hasa kuhusu vijana wetu wanaokabidhiwa kazi hiyo bila kuelezwa lolote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kibosho. Mwaka jana kijana mmoja niliyemfundisha hadi darasa la saba aliteremka mjini akapata kibarua katika karakana ya kuchaji betri. Wiki ya pili akatumwa kuzimua tindikali kali iliyonunuliwa kwa dumu. Alifanya kama ambavyo yeyote angefanya jikoni akiona uji umekuwa mzito: alichota maji kwa kopo akayamimina juu yake. Ikachemka papo hapo na kuruka. Ilimpata shingoni, mkono wa kulia na pembeni mwa jicho. Jicho limepona, lakini mkono haukunjuki sawasawa hadi leo.

Mama yake alinijia shuleni akaniuliza, "Mwalimu, miaka saba ulikuwa naye, hukumwambia?" Sikuwa na jibu.

Jambo lenyewe si gumu. Tindikali ya salfuriki iliyo kali, yaani ile ya asilimia 98, ni nzito sana. Lita moja ina kilo 1.84 hivi. Maji ni mepesi kuliko hiyo, kwa hiyo ukiyamimina juu yake yanakaa juu. Pale vinapokutana hutoka joto jingi, na kwa kuwa maji ni kidogo, yanachemka ghafla na kuirusha tindikali nje. Ukigeuza utaratibu, ukaitia tindikali kidogo kidogo ndani ya maji mengi ya baridi huku unakoroga, inazama na joto linagawanyika katika maji yote. Chuoni mkufunzi wetu alitia matone machache tu katika maji, akatupitishia chombo tukishike kwa nje. Kilikuwa cha moto kama kikombe cha chai.

Kwa tindikali ya betri, sehemu moja ya ile kali huingia katika sehemu tatu hivi za maji yaliyokenekwa, nayo haitiwi kwa mkupuo. Unatia kidogo, unakoroga, unangoja ipoe, ndipo unaongeza. Ndoo ya bati haifai kabisa, kwani tindikali hula bati na kutoa gesi ya haidrojeni ambayo hushika moto upesi. Wenye viwanda vya ngozi wanalijua hilo. Tindikali hii wanaitumia pamoja na chumvi kuandaa ngozi kabla ya kuitia kromu, nao huizimua kwanza kwa maji mara kumi hivi, wakaiacha ipoe, ndipo wakaiingiza katika pipa kwa awamu. Sioni kwa nini utaratibu huo usifuatwe katika kibanda cha fundi. Na ukweli ni kwamba karakana ndogo haina haja ya tindikali ya asilimia 98 hata kidogo. Inunue ile ambayo imekwisha kuzimuliwa.

Liko jambo lililoniuma zaidi. Wenzake walikuwa wamesikia kwamba tindikali na maji havipatani, basi wakaogopa kumwosha! Mmoja akampaka mafuta ya kupikia, mwingine akakimbilia dukani kutafuta magadi. Huku ni kuielewa kanuni kichwa chini miguu juu. Aliyemwagikiwa avuliwe nguo haraka, amiminiwe maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20 hivi, jicho likiwemo, kisha apelekwe hospitali. Maji mengi huichukua tindikali pamoja na joto lake. Huku kwetu migombani mfereji unapita nyuma ya nyumba, lakini karakana ile haikuwa na hata bomba moja la maji.

Mtu asije akasema sheria hazipo. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na ipo ile ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka huo huo, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Ipo pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Lakini kijana huyu hakuwa ameandikishwa popote, na nilipomwendea mwenye karakana alinijibu kwamba ule ulikuwa uzembe wa kijana mwenyewe. Uzembe gani wa mtu ambaye hakuambiwa? Maandishi ya lile dumu yalikuwa ya Kiingereza. Kanuni ya kuzimua tindikali nayo hufundishwa sekondari, kwa Kiingereza pia, ilhali wanaoishika kwa mikono ni watoto wa darasa la saba.

Kwa hiyo nawaomba wakaguzi wa OSHA wasiishie kwenye viwanda vyenye mageti. Waingie na katika vichochoro wanakochaji betri. Muuzaji wa tindikali kali naye alazimishwe kumpa kila mnunuzi maelezo ya Kiswahili, kwa herufi kubwa.

Mimi nimeanza darasani kwangu. Nimewachorea watoto ile alama ya matone yanayounguza mkono na chuma, na wamejifunza nini kinatangulia kuingia chomboni. Kama OSHA wanalo bango la Kiswahili juu ya jambo hili, naomba moja nilibandike ukutani. Nauli ya kulifuata mjini nitajilipia.

Mwalimu wa Kijiji,
Kibosho, Moshi.