Wajina si Mtu Mmoja

Jioni redio inapotaja jina la Ndayishimiye, katika nyumba za Gitaza na za vilima vya tarafa ya Muhuta vinavyoteremka hadi Ziwa Tanganyika, si mtu mmoja anayeinua kichwa. Mvuvi anayetayarisha taa zake kabla ya kwenda kuvua ndagala aweza kuwa ndilo jina lake. Mwalimu wa shule ya kilimani aweza kuitwa vivyo hivyo. Askari aliye zamu katika barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Rumonge naye aweza kuwa Ndayishimiye. Watu hao watatu huenda wasiwe na babu mmoja wala ukoo mmoja. Kilichowakutanisha ni shukrani za wazazi wao siku walipozaliwa, maana Ndayishimiye kwa Kirundi ni sawa na kusema, “Namshukuru Mungu.” Silabi “yi” iliyo katikati ya jina ndiyo inayosimama mahali pa Imana, yaani Mungu.

Msomaji na alitazame jina hilo kwa watu wanaojulikana. Évariste Ndayishimiye ni Rais wa Burundi tangu Juni 2020. Youssouf Ndayishimiye ni mchezaji wa timu ya taifa ya kandanda, aliyepitia klabu za Uturuki kabla ya kujiunga na Nice ya Ufaransa mnamo Januari 2023. Mike Trésor Ndayishimiye alizaliwa Ubelgiji mwaka 1999. Katika msimu wa 2022/23, akiwa na klabu ya Genk, aliwapita wachezaji wote wa ligi ya huko kwa kuwapatia wenzake pasi za mabao, kisha akahamia Burnley ya Uingereza. Wa nne ni Freddy Ndayishimiye, ambaye naye aliichezea timu ya taifa ya Burundi katika siku zake.

Mgeni asiyejua desturi za nchi atadhani kwamba wanne hao ni wa nyumba moja, na kwamba wanamichezo hao ni jamaa za Rais. Sivyo. Jina pekee halithibitishi lolote la namna hiyo. Kati ya wanne hao, wawili wanaojulikana kuwa wa damu moja ni Freddy na Mike Trésor, kwani Freddy ni baba na Mike Trésor ni mwana. Na hata hao hawakushirikiana jina kwa desturi ya Kirundi, bali kwa desturi ya Ulaya, ambako mtoto huandikwa kwa jina la baba yake.

Katika desturi ya Burundi, mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Baba haachii wanawe jina kama aachavyo shamba. Jina hueleza furaha ya siku ile, au huzuni iliyotangulia, au ugomvi na majirani, au imani ya wazazi. Kwa sababu hiyo ndugu wanne wa tumbo moja waweza kuwa na majina manne yasiyofanana hata kidogo, na watu wanne wasiojuana waweza kuwa na jina moja. Marehemu Pierre Nkurunziza, aliyekuwa Rais tangu mwaka 2005 hadi alipofariki Juni 2020, ni mfano ulio wazi. Jina lake maana yake ni “habari njema.” Baba yake, aliyekuwa mbunge, aliitwa Eustache Ngabisha. Mtu akiyatazama majina mawili hayo juu ya karatasi, hawezi kamwe kukisia kwamba huyu ni baba na yule ni mwana. Nkurunziza mwenyewe alikuwa mwalimu wa michezo kabla ya kushika uongozi, na hata alipokuwa Ikulu aliendelea kucheza kandanda na timu yake ya Hallelujah. Hivyo katika mtu mmoja palikutana mwanamichezo na kiongozi, lakini jina lake halikumfanya kila Nkurunziza kuwa nduguye.

Hata wafalme wa kale waliijua shida hii. Wami wa Burundi walitawala kwa majina manne yaliyokuwa yakizunguka kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Wa mwisho alipotangulia, zamu ilirudi kwa Ntare. Ili watu wasichanganye mtawala mmoja na mwingine, kila mmoja alitambulika pia kwa jina lake mwenyewe. Ndiyo sababu husemwa Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, na Mutaga Mbikije aliyemfuata hadi mwaka 1915, na Mwambutsa Bangiricenge aliyetawala hadi mwaka 1966, na Ntare Ndizeye aliyekuwa wa mwisho. Ikiwa hata mfalme alihitaji jina la pili ili ajulikane ni yupi, raia wa kawaida atahitaji zaidi.

Jambo jingine la kukumbukwa ni kwamba mengi ya majina haya hayabagui mwanamume na mwanamke. Niyonsaba maana yake ni “Ndiye nimwombaye.” Francine Niyonsaba ni mwanamke, mkimbiaji aliyeipatia Burundi nishani ya fedha ya mita 800 katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na Septemba 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000 mjini Zagreb kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Ambroise Niyonsaba ni mwanamume, aliyekuwa waziri mwenye kushughulikia mazungumzo ya amani ya Burundi. Karani akiandika “Niyonsaba” peke yake katika daftari, hajasema kama anayetakiwa ni bwana au bibi.

Wala jina halisimami mpakani na kuonyesha pasi. Kwizera, yaani “kutumaini,” ni jina la watu wa Burundi na wa Rwanda pia. Pierre Kwizera alikuwa kiungo wa timu ya taifa ya Burundi, naye Olivier Kwizera alikuwa mlinda lango wa Rwanda. Na kabla yao alikuwako Dieudonné Kwizera, mkimbiaji wa Burundi, ambaye habari zake zafaa kusimuliwa kwa watoto. Katika mwaka 1988 hakuweza kushindana katika Olimpiki ya Seoul, kwa kuwa Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Miaka 8 baadaye, huko Atlanta, mwenzake Vénuste Niyongabo, aliyetazamiwa na wengi kutamba katika mita 1500, aliiacha nafasi yake katika mbio hizo ili Kwizera naye apate kukimbia Olimpiki. Niyongabo akaingia mita 5000, mbio alizokuwa na uzoefu mdogo nazo, akashinda nishani ya dhahabu, ya kwanza katika historia ya Burundi. Jina la Niyongabo maana yake ni “Mungu ndiye ngao,” na neno hilo la ngao, “ingabo,” ndilo lile lile ambalo Kirundi hulitumia kwa majeshi. Hapana shaka wamo katika vikosi askari wenye jina hilo ambao hawajapata kukimbia mita 5000 kwa ajili ya nishani.

Katika mwambao wa ziwa, hasa Rumonge, ambako Kiswahili na Uislamu vina mizizi ya siku nyingi, shida huongezeka kwa njia nyingine. Huko mtu huitwa Saidi, Husseni, Juma au Shabani, na aghalabu jina la pili ni la baba yake. Majina ni machache na wenye kuitwa ni wengi. Timu ya taifa ya Burundi imepata kuwa na Saido wawili. Mmoja ni Saido Berahino, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1993, akakulia Uingereza na kuichezea West Bromwich Albion, kisha akawa nahodha wa Burundi katika fainali za Kombe la Afrika huko Misri mwaka 2019. Wa pili ni Saidi Ntibazonkiza, ambaye mashabiki nao humwita Saido. Huyu alicheza Uholanzi, Poland na Ufaransa, halafu Yanga na Simba za Dar es Salaam, na katika msimu wa 2022/23 alifunga mabao 17 na kuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania pamoja na Fiston Mayele. Mtu akisema “Saido amefunga,” ni haki ya msikilizaji kuuliza, “Saido yupi?”

Na majina ya utani nayo yana wajina. Tarehe 11 Juni 2010, Siphiwe Tshabalala wa Afrika Kusini alifunga bao la kwanza la Kombe la Dunia lililochezwa nchini mwake. Kwake yeye, Tshabalala ni jina halisi. Lakini katika Afrika Mashariki jina hilo lilipata wenyewe wengine. Mohamed Hussein, mlinzi wa kushoto wa Tanzania aliyekuwa nahodha wa Simba, huitwa Tshabalala. Na Hussein Shabani, mshambuliaji wa Burundi, naye huitwa Tchabalala. Mmoja ana “Hussein” mwishoni mwa jina lake, mwingine analo mwanzoni, na wote wawili wana jina moja la utani, ambalo hata herufi zake huandikwa kwa namna mbili. Mashabiki wakikosea hapa, hasara ni kicheko barazani.

Lakini si kila kosa la jina huishia katika kicheko. Askari polisi anayeshika hati ya kumkamata mtu aitwaye Ndikumana ana neno moja tu mkononi. Hamad Ndikumana, aliyefariki Novemba 2017, aliwahi kuwa nahodha wa Rwanda. Selemani Ndikumana alikuwa mshambuliaji wa Burundi. Na nje ya viwanja wako akina Ndikumana wengi ambao hawajatajwa gazetini. Polisi akimfunga pingu Ndikumana wa kwanza anayemkuta sokoni, huenda mwenye hatia akawa anapita kando yake na kikapu cha mikeke, huku asiye na hatia akilala mahabusu na wanawe wakilala na njaa. Kosa la namna hiyo halirekebishwi kwa kusema tu, “Majina yenu yanafanana.”

Katika jeshi mambo ni mazito zaidi. Burundi ilianza kupeleka askari Somalia mnamo Desemba 2007, na katika miaka waliyokuwa huko mama na wake wengi walizoea kutega sikio kila habari za huko zilipotangazwa. Jina likivuja sokoni bila namba ya askari, bila kikosi, bila majina ya wazazi, nyumba kadhaa zaweza kuangua kilio kwa ajili ya mtu mmoja. Tena yaweza kutokea kwamba nyumba iliyofiwa hasa ndiyo inayojifariji kuwa aliyetajwa ni mwingine. Kadhalika mshahara waweza kuingia katika hesabu ya wajina, na barua yenye siri za nyumba yaweza kufunguliwa na mtu asiyehusika.

Dawa ipo, tena si ya gharama. Kitambulisho cha taifa, yaani karangamuntu, hakikuandikwa jina peke yake. Kina jina la baba na jina la mama, mahali na tarehe ya kuzaliwa, tarafa na mkoa. Hayo ndiyo yanayomtenga mtu na wajina wake. Askari na ana namba yake. Kwa hiyo polisi mwenye busara huuliza yote kabla ya kuitoa pingu, na karani mwenye busara huandika yote kabla ya kupiga mhuri.

Nyumbani nako ipo kazi. Mtoto wa miaka 5 afundishwe kutaja jina la baba, la mama na la kilima chao, kwani akipotea mnadani, kusema “Mimi ni mtoto wa Saidi” hakutamfikisha kwao. Jina liandikwe kwa herufi zile zile katika cheti cha kuzaliwa, cha shule na cha ndoa. Selemani asigeuke Suleimani katikati ya safari. Mke wa askari aiweke namba ya mumewe na jina la kikosi chake mahali pakavu, pamoja na vyeti, wala asipokee habari yoyote nzito kwa jina tupu.

Wakaaji wa Muhuta wana jambo jingine la kuangalia. Tarafa yao ilikuwa katika mkoa wa Bujumbura Rural hadi mwaka 2015, ulipoundwa mkoa wa Rumonge. Mikoa ya nchi ilipopunguzwa kutoka 18 hadi 5, mpango ulioanza kutumika mwaka 2025, Muhuta iliingia katika mkoa wa Bujumbura. Hivyo mtu mmoja aliyezaliwa na kukaa kilima kimoja maisha yake yote aweza kuwa na karatasi tatu zenye mikoa mitatu. Afisa asiyejua hayo atadhani amewapata watu watatu wenye jina moja, ilhali mbele yake yumo mmoja tu. Mwenye karatasi za namna hiyo azitunze zote, asitupe ya zamani kwa kuwa amepata mpya, na anapokwenda ofisini azichukue pamoja ili aeleze mapema kabla ya kuulizwa.