Jeshi Lisilo na Bunduki

Watu wengi wa Thika na Ruiru hulijua Jeshi la Wokovu kwa ngoma na tarumbeta zake za Jumapili. Ni wachache wajuao kazi ifanywayo na jeshi hilo siku sita zilizobaki, ndani ya ua wa shule zake za Thika.

Mwanzo wa jeshi hili ni Uingereza. Mwaka 1865 mhubiri aitwaye William Booth alianza kazi miongoni mwa maskini wa mashariki ya London, akaona upesi kwamba mtu mwenye njaa hana masikio ya kusikilizia mahubiri. Basi chakula, malazi na neno la dini vikaenda pamoja. Jina la jeshi lilipatikana mwaka 1878, na mwaka 1921 maofisa wake wakaanza kazi Kenya. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, walikuwako askari waliorudi makwao bila macho. Kwa ajili yao, mwaka 1946, kazi ya vipofu ilianzishwa Thika. Baadaye watoto wakachukua nafasi ya askari, na mwaka 1967 ikafunguliwa shule ya sekondari. Kabla ya hapo, mwaka 1962, ilikuwa imekwisha kuanzishwa Joytown, shule ya watoto walemavu wa viungo, zama ambazo polio ilikuwa ikilemaza watoto wengi.

Mtu asiyeizoea kazi hii hudhani kwamba shida yake kubwa ni darasani. Sivyo. Mtoto asiyeona huweza kuletwa akiwa na umri wa miaka saba au minane, naye hajui kufunga kifungo cha shati wala kujimiminia maji. Akili anazo, ila nyumbani kila kitu alifanyiwa, kwa huruma au kwa haraka. Mlezi wa bweni ndiye aanzaye naye: hiki ni kitanda chako, hesabu vitanda kutoka mlangoni; huu ni ukuta, ufuate mpaka usikie sahani zikigongana, hapo ndipo chumba cha kulia. Kazi hiyo hurudiwa kila asubuhi kwa majuma mengi, na mlezi mwenye pupa hawezi kudumu nayo.

Ndipo huja kusoma. Nukta nundu, maandishi yasomwayo kwa ncha za vidole, zilibuniwa na Mfaransa Louis Braille, aliyepofuka angali mtoto, naye alikuwa kijana wa miaka 15 tu alipoupata mpango wake mwaka 1824. Nukta ni sita, na kwa kuzipanga mbalimbali hupatikana alama 63. Huandikwa kwa mashine yenye kitufe kimoja kwa kila nukta, juu ya karatasi nene. Kitabu ambacho mtoto mwingine hukitia mfukoni huwa majalada kadhaa ya kubebwa kwa mikono miwili. Ndiyo maana gharama za shule kama hii haziwezi kulinganishwa na za shule ya kawaida, hata kama uji ni ule ule.

Je, watendao kazi hii hupata nini? Ofisa wa jeshi hana mshahara kama wa karani. Hupewa posho ya kumtosha, na amri ya uhamisho ikija hufunga mizigo yake. Walimu wa serikali hulipwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, na kanisa hubaki kuwa mfadhili wa shule. Lakini katika mashirika ya dini kwa jumla wako pia wapishi, wafuaji na walinzi, na hapa liko neno la kuangaliwa. Ni rahisi kumwambia mfuaji kwamba kazi yake ni ya Mungu, kisha ujira wake ukachelewa. Mwenye nyumba hapokei sala badala ya kodi. Shirika lenye huruma kwa wagonjwa lisipokuwa nayo kwa watumishi wake, huruma hiyo ina kasoro.

Ruiru imekua mno, hata hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliikuta imeipita Thika. Watu wengi huishi katika vyumba vya kupanga. Mama huondoka alfajiri kwenda kiwandani, na kama ana mtoto asiyeona, na hana wa kumwachia, humfungia mlango. Jirani hunong'ona habari za laana. Kumbe huenda mtoto ana mtoto wa jicho, ugonjwa upasuliwao hospitalini. Ila usipopasuliwa mapema, jicho ambalo halikujifunza kuona utotoni huenda lisijifunze tena. Wengine hupofushwa na surua, au na upungufu wa vitamini A, ambayo hutolewa katika zahanati kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, nayo imo katika papai, karoti na mboga za majani.

Wako wageni wapendao kuzuru shule hizi kabla ya Krismasi wakiwa na peremende na kamera. Si vibaya. Lakini karatasi nene ya mwezi Februari ina faida zaidi, na mtoto angefurahi zaidi kumwona baba yake siku ya kufunga shule, maana wako wazazi ambao, wakisha kumleta mtoto, huona kwamba sasa ni wa kanisa.

Mzazi mwenye mtoto wa namna hii ampeleke kwanza kwa daktari wa macho, kisha aulize katika ofisi ya elimu habari za kituo cha kupima watoto. Vituo hivyo vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na ndivyo vishaurivyo shule imfaayo mtoto. Achukue cheti cha kuzaliwa na karatasi za hospitali. Kutoka Ruiru hadi Thika ni kilometa kama 20 kwa barabara kuu iliyokamilika mwaka 2012, na matatu huanza kupita kabla ya mapambazuko.