Kuvu na Taka za Kielektroniki

Simu iliyokufa, redio iliyoungua na kompyuta iliyoletwa ikiwa kuukuu hazina pa kurudi zikishafika kisiwani. Hutupwa jaani pamoja na makumbi ya nazi, au huchomwa moto na vijana wanaotafuta shaba ndani ya nyaya. Ardhi yetu ya Unguja kwa sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe yapitishayo maji kwa wepesi, na maji hayo ndiyo tunayoyachota visimani. Jambo hili, ambalo kwingine laweza kungoja, kwetu halingojeki.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi, na ni kiasi cha asilimia 22 tu kilichothibitishwa kuwa kimekusanywa na kushughulikiwa kwa taratibu zilizo sahihi. Nchi tajiri huziyeyusha katika matanuri makubwa, ambayo kisiwa hakiwezi kuyajenga wala kuyalisha umeme. Kuzisafirisha nako kumekuwa kuzito: tangu Januari 1, 2025, Mkataba wa Basel unataka nchi ipokeayo itoe idhini kwanza. Ndiyo sababu tunaziomba idara zinazohusika ziitazame kwa makini njia ya kuvu.

Kuvu iitwayo Aspergillus niger, ile nyeusi iotayo juu ya kitunguu, hutoa asidi ya sitriki. Viwanda vimeitumia kwa zaidi ya miaka 100, na ukali wa soda nyingi tunazokunywa watokana nayo. Asidi za namna hii huyeyusha metali. Wataalamu wa Uswisi walieleza mwaka 2001 kwamba kuvu hiyo na nyingine ya jamii ya Penicillium, baada ya kuzoeshwa kwa wiki 6, ziliweza kuota penye gramu 100 za vumbi la taka hizo katika lita moja. Ziliyeyusha asilimia 65 ya shaba na bati, na zaidi ya asilimia 95 ya risasi, zinki, nikeli na alumini. Chakula chake ni sukari, na hata molasi huifaa. Nasi Mahonda tuna miwa.

Hata hivyo, hatupendi wananchi wadanganyike. Kuvu haili risasi ikaisha. Huihamisha tu kutoka kwenye kibao hadi kwenye maji, na maji yale yakimwagwa ovyo yatadhuru upesi kuliko kibao chenyewe. Dhahabu haiyeyuki kwa asidi hiyo, na plastiki hubaki vile vile. Atakayekuja kuahidi kiwanda mwakani aulizwe kwanza maji hayo atayapeleka wapi.

Tunaloshauri ni dogo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kipewe fungu la fedha kifanye jaribio, na Serikali iweke vituo vya kukusanyia taka hizi katika kila wilaya, Unguja na Pemba, ikianza na vyombo vibovu vya afisi zake yenyewe. Mafundi wa simu wa Darajani na wa Chake Chake wanavijua vibao hivi kuliko afisa yeyote. Walipwe kwa kilo kwa kila kibao watakachokileta kituoni badala ya kukitupa.