Salamu Kwanza, Picha Baadaye

Kila shule zinapofungwa, familia nyingi za mjini hufunga virago na kuteremka Pwani. Labda nawe umepanga hivyo. Kabla hujakata tiketi, hebu nikusimulie aibu iliyotupata mimi na mume wangu. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Sisi macho tulikuwa nayo, na bado hatukuona.

Kwetu ni Ndanai, kule Sotik katika Kaunti ya Bomet, nchi ya majani chai na ng'ombe wa maziwa. Kwa miaka tisa tangu tuoane, safari zetu za pamoja zilikuwa za harusi na mazishi tu. Bonasi ya chai ilipotoka, mume wangu alitaka tununue mabati. Mimi nikataka tukaone majengo ya kale ya Pwani, ambayo tulikuwa tumeyasoma darasani tu. Tulivutana wiki nzima, mwishowe akakubali shingo upande. Tukapanda matatu hadi Nairobi, na kutoka hapo tukachukua ile treni iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017.

Mombasa tulianzia Fort Jesus. Wareno waliijenga ngome hiyo kati ya 1593 na 1596. Waarabu wa Oman waliizingira kwa karibu miaka mitatu kabla ya kuiteka mwaka wa 1698. Waingereza nao waliigeuza jela tangu 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, na mwaka wa 2011 UNESCO iliitia katika orodha ya turathi za dunia. Mume wangu, yule aliyekuja shingo upande, alisimama kando ya mizinga akasahau hata njaa.

Kutoka ngomeni tuliingia Mji wa Kale, ulio papo hapo jirani. Vichochoro vyembamba, milango ya nakshi, harufu ya mahamri. Katika baraza moja alikuwa ameketi mama akichagua mchele. Mume wangu akainua simu, akampiga picha. Yule mama akajifunika uso kwa mtandio, akachukua ungo wake, akaingia ndani na kufunga mlango. Mzee mmoja aliyekuwa ng'ambo ya pili akatuambia kwa upole, "Wanangu, hata salamu?"

Hatukumjibu. Tulipopinda kona, mume wangu alianza kunung'unika: njia ni ya kila mtu, na nauli amelipa. Nilimwambia amekosea. Akaniuliza tangu lini nimekuwa mtetezi wa watu nisiowajua. Tukagombana pale kichochoroni, wapita njia wakitutazama.

Ndipo nikamweleza jambo ambalo sikuwahi kumwambia kwa miaka yote tisa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, likizo, nikichuma chai pamoja na mama yangu karibu na barabara. Mama alikuwa na kikapu mgongoni, gunia limefungwa kiunoni, tope hadi magotini. Gari likasimama. Wakateremka watu wenye kamera, wakatupiga picha, wakacheka, wakatupungia mkono, wakaenda zao. Mama aliendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari. Kisha akaniuliza, "Wale watu wataiweka wapi sura yangu?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Mume wangu alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Turudi."

Tulimkuta mzee palepale. Mume wangu akamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaomba radhi, akaifuta picha mbele ya macho yake. "Marahaba," mzee akaitikia. Yule mama hakutoka, na mlango wake haukufunguka, lakini mzee aliahidi kumfikishia ujumbe. Alipotuuliza tunaelekea wapi kesho yake tukamjibu ni Gede, akatuonya: "Msikanyage makaburi. Yale nayo yana wenyewe."

Gede iko upande wa Malindi, ndani ya msitu. Ulikuwa mji wa Waswahili uliostawi hasa karne ya 15 na kuhamwa karne ya 17. Wataalamu wanataja sababu kadhaa, zikiwemo vita na maji ya visima kuzidi kushuka. James Kirkman alianza kuufukua mwaka wa 1948. Kulipatikana vyombo vya kaure kutoka China na shanga za mbali, dalili kwamba wenyeji walifanya biashara na ulimwengu. Utaona msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, na nyumba zenye vyoo ndani. Mwaka wa 2024 Gede nayo iliingia katika orodha ya UNESCO.

Lipo kaburi lenye tarehe ya mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Hapo mume wangu alivua kofia. Simu ilibaki mfukoni mpaka alipomuuliza mwongozaji wetu kama inafaa kupiga picha. Mwongozaji akasema inafaa, mradi tusiegemee ukuta. Nikamshika mkono. Sikumbuki mara ya mwisho tulishikana mikono hadharani.

Kwa hivyo, msomaji, ukienda ugenini na mwenzako au watoto, toa salamu kabla ya swali. Piga hodi. Vaa nguo za heshima, vua viatu panapohitajika, na omba ruhusa kabla ya picha. Usipande juu ya kuta wala makaburi. Hata kaya za Wamijikenda, ambazo zilitambuliwa na UNESCO mwaka wa 2008, si misitu ya kutembelea tu. Ni mahali patakatifu pa wazee. Ukinyimwa ruhusa, shukuru na upite.

Mabati tuliyanunua mwaka uliofuata, na hakuna mvua iliyotunyeshea kwa sababu ya safari ile.

Na siku utakapofika kwetu Ndanai ukamwona mama shambani na kikapu mgongoni, simamisha gari, uteremke, useme, "Chamgei." Atakujibu, "Chamgei mising." Hapo ndipo unaweza kumuuliza kuhusu picha. Na umwambie utaiweka wapi.