Kutibu Uvimbe wa Ini Bila Kuunguza Utumbo

Mkulima mwenye busara hachomi pori linalopakana na nyumba ya jirani kabla ya kufyeka ukanda wa kuzuia moto. Busara hiyo inahitajika pia katika kutibu saratani ya ini kwa joto. Katika tiba hii, daktari huingiza sindano maalumu kupitia ngozi hadi ndani ya uvimbe, akiongozwa na picha za ultrasaundi au siti skani, kisha mawimbi ya redio au ya mikrowevu huuunguza. Joto likivuka nyuzi 60 za sentigredi, seli hufa karibu papo hapo. Wanaonufaika zaidi ni wagonjwa wenye uvimbe mdogo, wa kipenyo kisichozidi takriban sentimita 3, na wengi wao huepushwa na upasuaji mkubwa.

Hata hivyo, joto halijui mpaka. Ili kupunguza uwezekano wa saratani kurudi, huunguzwa pia sehemu ya ini lenye afya, angalau milimita 5 kuuzunguka uvimbe. Uvimbe ukiwa pembezoni mwa ini, joto hilo huweza kufikia tumbo la chakula, kifuko cha nyongo, kiwambo au utumbo. Utumbo mpana ndio wa kuhofiwa zaidi, kwa kuwa ukuta wake ni mwembamba na hausogei kwa urahisi. Aliyewahi kupasuliwa tumbo ana hatari zaidi, maana makovu huweza kuunganisha utumbo na ini.

Kinga ipo, wala haihitaji vifaa vya ajabu. Kabla ya kuunguza, maji hupitishwa kwa sindano nyembamba katikati ya ini na utumbo ili kuvitenganisha. Panapotumika mawimbi ya redio, yafaa maji ya glukosi ya asilimia 5; maji ya chumvi hupitisha umeme, hivyo huweza kueneza madhara yanayokusudiwa kuzuiwa. Picha hurudiwa kazi ikiendelea, kwa kuwa maji huweza kusambaa na viungo vikakaribiana tena.

Kuichukulia hatua hii kama nyongeza inayopoteza muda ni kosa. Ni sehemu ya tiba yenyewe, na ipangwe tangu siku picha za kwanza zinaposomwa. Viungo visipotengana, daktari asione haya kusitisha na kujadiliana na wenzake njia nyingine. Uvimbe uliokufa si ushindi ikiwa utumbo umetoboka.

Tahadhari haiishii chumbani mwa matibabu. Homa ndogo na uchovu kwa siku chache ni jambo la kawaida. Lakini homa inayopanda, maumivu yanayozidi, kutapika au tumbo kuwa gumu ni dalili za kumrudisha mgonjwa hospitalini bila kuchelewa, kwani utumbo ulioungua huweza kutoboka siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa nyumbani. Huenda wa kwanza kumpokea akawa mhudumu wa zahanati asiyejua lililofanyika. Kwa hiyo, karatasi ya ruhusa itaje wazi kiungo kilichokuwa karibu na uvimbe, dalili za hatari na namba ya simu ya kupiga. Naye mgonjwa, kabla ya kutia saini ya ridhaa, ana haki ya kuuliza: ni kiungo gani kilicho karibu, na kitalindwaje? Daktari aliyejiandaa hatakosa jibu.