Tangazo Linaloonekana Lisilosomeka

Wiki iliyopita, kwenye ubao wa ofisi moja ya umma, nilikuta tangazo la mwisho wa kupokea pingamizi za viwanja. Aya zote tatu zilichapwa kwa fonti ya Impact. Mzee mmoja aliniomba nimsomee. Nilidhani hajui kusoma. Kumbe ni mwalimu mstaafu. "Mwanangu, herufi zimeshikana," akasema.

Hakukosea. Impact, kazi ya Mwingereza Geoffrey Lee, ilitolewa mwaka 1965 na kiwanda cha Stephenson Blake cha Sheffield, kwa ajili ya vichwa vya habari na mabango: maneno machache, makubwa. Herufi zake ni nene, zimebanwa ubavuni, na matundu ya a na e ni membamba kama ufa. Ukizipunguza, matundu huziba. Naelewa kishawishi, maana maneno yetu ni marefu, na "hayatapokelewa" hutosha mstari mmoja. (Vijana huandikia vichekesho juu ya picha, huko inafaa kabisa.) Lakini aya tatu za masharti?

Niliomba lichapwe upya kwa herufi za kawaida. Nikajibiwa kwamba mchapaji yuko likizo hadi Jumatatu. Pingamizi zilifungwa Ijumaa.