Barua ya wazi kwa afisa wa vibali: mamangu hakuoshwa

Bwana Afisa,

Leo tumesoma hitima ya arubaini ya mamangu, watu wa nyumba tu, wengine wakiitikia dua kwa simu. Nimefika ofisini kwako mara tatu, na mara zote karani ameniambia uko mkutanoni. Basi nakuandikia hapa, ambapo wenzangu nao watasoma.

Barua yetu unayo. Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa kwa ajili ya korona tarehe 6 Mei 2020, hakuna kuingia wala kutoka. Tarehe 8 chama chetu cha maziko kilikuletea ukurasa mmoja wa kuomba kibali: mwanamke akifariki ndani ya kizuizi, wanawake sita waruhusiwe kuvuka, wamuoshe, wamkafini, watoke. Tuliandika majina sita na nambari za vitambulisho. Tukaeleza na vifaa tulivyokwisha nunua kwa michango yetu: glavu, barakoa, miwani, aproni za plastiki. Barua ikapigwa muhuri wa kupokewa. Aliyetia sahihi ni mamangu, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa wa waoshaji. Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 15 Mei, kumi la mwisho la Ramadhani, akafa yeye. Kibali hakikuwa kimetoka. Mamangu hakuoshwa.

Jina langu lilikuwa la pili kwenye orodha ile. Mimi naishi ng'ambo, Kisauni, kama wengi wetu ambao wazazi walibaki Kibokoni na Kuze, ndani ya Mji wa Kale, sisi tukafukuzwa na kodi za nyumba. Nilipigiwa simu saa nane usiku. Kafyu ilipokwisha saa kumi na moja alfajiri nilikuwa tayari kizuizini, Barabara ya Digo, na kapu mkononi: majani ya mkunazi niliyoyaponda usiku ule ule, kafuri, pamba, udi. Askari akaisoma nakala ya barua kwa tochi ya simu. Akaniambia kwa upole kwamba muhuri wa kupokewa si kibali. Alisema kweli, na yeye simlaumu.

Dadangu mdogo alikuwa ndani, yuko kwenye simu nami. Alinieleza kila kitu: wameingia wanaume wanne wa nguo nyeupe, wamesema kila anayekufa ndani ya eneo lililofungwa ni mshukiwa wa korona, hawakutaka kusikia habari ya sukari wala presha. Aliwaomba wamtayamamishe tu. Wakasema hawana maagizo. Kisha sauti yake ikakatika, nikaisikia zipu. Ndefu, ya taratibu. Baada ya kitambo gari lilipita mbele yangu, mimi na kapu langu, na sikuwa na hata dirisha la kuchungulia.

Sanda yake iko kabatini mpaka leo. Aliinunua mwenyewe alipokwenda kuhiji, vipande vitano, akaisuza kwa maji ya Zamzam, akaifunga kwenye leso na karafuu. Kila mwaka kabla ya Ramadhani aliitoa akaianika kivulini. Wanawake aliowaosha yeye wamejaza madaftari matatu kwa mwandiko wake. Ameosha wake wa matajiri, na ameosha waliookotwa ufukweni bila jamaa. Yeye hakuoshwa.

Majibu ya kipimo yalikuja Idi imeshapita. Hakuwa na korona.

Lakini hata angekuwa nayo, Bwana Afisa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake tarehe 24 Machi, wiki sita kabla ya kizuizi. Umesema wazi kuwa aliyekufa kwa korona asizikwe mbio mbio, kwamba heshima yake na mila za dini yake zilindwe, na kwamba atakayemuosha avae glavu, nguo za kujikinga na barakoa. Sisi vitu hivyo tulikuwa navyo, vimekunjwa ndani ya mifuko sita, kila mmoja umeandikwa jina. Fikihi naijua. Mwenye dharura ana rukhusa, na kuosha maiti ni faradhi ya kifaya, wakiitekeleza baadhi imewaondokea wengine. Ila dharura ya mamangu haikuwa ugonjwa. Ilikuwa karatasi iliyolala mezani kwako siku saba bila ndiyo wala la.

Wala usidhani chama hiki kilizuka na korona. Bibi zetu walikuwa na vyama vya lelemama tangu mwisho wa karne ya 19. Nyanya yangu alicheza, na pesa za ngoma ile ile ndizo zilizonunua sanda za maskini wa mtaa wake. Ngoma zilipofifia, wanawake wa mji huu wakaunda vyama vya elimu na huduma katika miaka ya 1950. Chetu kimepita humo. Mwaka 2011 Ngome ya Yesu iliingizwa kwenye urithi wa dunia, na wageni huletwa kupiga picha milango yetu ya nakshi. Wanaokaa nyuma ya milango hiyo mnawajua ukifika msimu wa kura, mnapokuja kuketi mikekani mwetu na kutuita mama zenu. Nje ya msimu huo, barua ya kina mama hupigwa muhuri na kuwekwa.

Hatukuacha kazi. Siku zote za Ramadhani zilizobaki tulipeleka unga, mchele na tende mpaka kizuizini, wakapokea vijana wa ndani. Tumeshona barakoa. Tumeweka ndoo za bomba na sabuni kwenye vichochoro. Lakini nakwambia nililoliona mtaani: baada ya mamangu, watu walianza kuficha wagonjwa. Mzee akikohoa alifungiwa chumba cha nyuma. Hawakuogopa korona peke yake. Waliogopa zipu. Ofisi yenye kazi ya kuzuia maradhi iliwafundisha watu kuyaficha.

Kizuizi cha Mji wa Kale kiliondolewa mwanzoni mwa Juni. Maradhi yanaweza kurudi na mtaa mwingine ukafungwa. Nataka waoshaji wapewe kibali cha kudumu, wanawake na wanaume. Nataka kila barua ya maziko ijibiwe siku ile ile, kwa maandishi, hata kama jibu ni hapana, ili mtu ajue la kufanya. Nataka mtu wa ofisi yako aje nyumbani kwetu amwombe radhi dadangu, kwa kuwa mpaka leo analala na taa.

Wiki iliyopita alifariki mwanamke Likoni, maskini, hana mtu. Tulivuka kwa feri sisi sita, tukavaa zile nguo, tukamuosha mara tatu kwa mkunazi na kafuri. Dadangu alitaka tumkafini kwa sanda ya mama. Nilikataa, kisha usiku nikajuta. Atakayefuata ataivaa.

Orodha ya majina sita naiambatisha tena. La kwanza nimelikata kwa wino, nikaandika la dadangu.